Mradi wa majaribio ukiisha, udongo unabaki wa nani? Majibu kwa barua zenu

Ndugu wasomaji, mwezi huu barua zimekuja nyingi, na karibu zote ziko juu ya kitu kimoja: hii miradi ya majaribio yenye kulipwa na pesa ya Leta (serikali), yetu ao ya nchi zingine, ile ya kupunguza takataka na ile ya kusafisha udongo ulioharibiwa na metali. Nimechagua nne. Majina ya walioandika sikuweka, nimeacha tu mtaa.

Mama wa Penga Penga, Lubumbashi

"Yaya, jambo sana. Miye niko na lupango (kiwanja) hapa Penga Penga, bwana yangu aliniachia, alikuwa natumika Gécamines, ile kampuni ya Leta ya shaba. Upande wa nyuma hakumei kitu, hata majani ya pori haitaki, mvua ikinyesha maji inapita juu juu kama kwa simenti. Zamani kidogo watu ya iniversite walikuja hapa kwetu bakapanda majani fulani mafupi, bakatuambia ni eseyi (jaribio), pesa inatoka Ubelgiji. Majani ilishika, tuliona na macho yetu. Sasa nauliza, ile shaba ya kwa udongo waliitoa? Na naweza kupanda lengalenga na matembele pale, juu ndiyo chakula ya watoto? Kama hapana nifanye nini, sina pa kuhamia."

Mama, swali lako la kwanza nalijibu bila kuzunguka: shaba hawakuitoa, iko palepale. Na hawakukudanganya, juu ile kazi toka mwanzo haikuwa ya kutoa shaba, ilikuwa ya kuifunga isitembee.

Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kutoa moshi mwaka 1911, enzi za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya madini, mji wenyewe ulikuwa na mwaka mmoja tu toka uanzishwe. Upepo wa Lubumbashi mara nyingi unatoka kusini-mashariki, basi ule moshi ulikuwa unasukumwa kaskazini-magharibi, na kwenye njia yake ndipo mko ninyi. Ndani ya moshi kulikuwa vitu viwili, vumbi la metali (shaba, zinki, risasi, kadimiamu, kobalti) na gesi ya salfa. Ile gesi ikikutana na mvua inageuka asidi, udongo unakuwa mkali, na udongo ukiwa mkali unaiyeyusha shaba mpaka mizizi inainywa. Mizizi inaungua, miti inakufa, majani yanaisha, halafu mvua ya Novemba inakuja inabeba udongo wote wa juu, sababu hakuna tena cha kuushika.

Nimeshika udongo wa namna hiyo mkononi, mama. Ukiinama uuangalie karibu unaona ganda jembamba juu yake kama ukoko wa bukari (ugali) chini ya sufuria, ukilibonyeza na kidole linavunjika, na chini ni unga mkavu hata kama jana mvua ilinyesha. Nilichimba mpaka kiwiko, sikuona nyungunyungu, sikuona siafu, hata mzizi mmoja mwembamba kama uzi.

Sasa wale watu wa kilimo wa Iniversite ya Lubumbashi (UNILU) na wenzao wa Gembloux, Ubelgiji, walifikiri hivi: huku Katanga tuko na vilima vya shaba ambavyo toka zamani sana vina majani yake, majani ambayo shaba haiyaui, hata wanajiolojia waliyatumia kama alama ya kujua wapi kuna madini. Badala ya kuleta majani ya kigeni wakachukua ya kwetu, hasa lile fupi linaloitwa kitaalamu Microchloa altera, wakachanganya udongo na chokaa na mbolea ya mboji, wakapanda, wakafuatilia kwa miaka mitatu. Chokaa inapunguza ule ukali, mboji inaishika shaba isiyeyuke ovyo, majani yanafunika. Vumbi linapungua, mvua haibebi tena udongo kupeleka mtoni. Mimi naiona ni kazi nzuri sana, tena ya bei ambayo sisi tunaiweza, kuliko kuchimba udongo wa kartie nzima na kuupakia kwa makamyo kwenda kuumwaga kwa watu wengine.

Lakini lengalenga na matembele kwenye kile kipande, hapana mama. Mboga za majani ndizo zinazokusanya metali kuliko zingine, kwanza kwa mizizi, halafu kwa vumbi linalokaa juu ya jani, na kuosha kunatoa vumbi tu, ile iliyoingia ndani ya jani haitoki hata uchemshe mara tatu. Watafiti wa hapahapa UNILU walishapima mboga za bustani za mji na wakakuta metali zinapita kiwango. Na watoto ndio wanaopata zaidi. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza na wenzake walitoa matokeo ya mkojo wa watu 351 wa huku Katanga, na sehemu zilizochafuliwa, watoto 87 kati ya 100, wale wenye chini ya miaka 14, walikuwa na kobalti iliyopita kiwango kinachowekwa kwa mtu mzima anayefanya kazi kiwandani. Mtoto ambaye hajawahi kuingia kiwandani hata siku moja. Mimi nikisoma hiyo namba bado nakosa usingizi.

Basi fanya hivi. Mboga zako uzipande kwenye magunia ao kwenye tuta lililoinuliwa, umelijaza udongo uliotoka mbali na upande wa shemine (bomba la moshi la kiwanda), na mboji yako mwenyewe, chini yake utandike gunia kuukuu ili mizizi isishuke kwenye udongo wa zamani. Ukitaka lazima kulima chini, afadhali mahindi ao nyanya kuliko majani na viazi, juu punje na tunda vinapokea metali kidogo kuliko jani na mzizi. Kile kipande cha nyuma usikiache uchi. Tafuta chokaa ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa tu, ya Kakontwe huko Likasi watu wengi wanaijua, lakini uangalie wasikuuzie ile iliyochomwa, ile inaunguza mikono na macho. Changanya na mboji nyingi, acha wiki kadhaa, halafu panda majani yanayoshika. Ndani ya nyumba usifagie kavu, pitisha kitambaa chenye maji. Watoto wanawe mikono mbele ya kula, bidoni za maji zifunikwe, na uwape maharagwe na dagaa juu mwili wenye chuma na kalsiamu ya kutosha unapokea risasi kidogo.

Na kitu kimoja zaidi kinachoniuma. Dada yangu anakaa Kampemba, siku moja walifika kwake watu wa mradi fulani, wakachukua udongo ndani ya sashe (mifuko ya plastiki) tatu, wakaandika namba ya nyumba, wakapiga na picha. Mpaka leo hakuna aliyerudi kumwambia walikuta nini, na bado analima palepale juu hajui. Kwa hiyo kila anayekuja kuchukua udongo wako, mkojo wa mtoto wako ao maji ya kisima chako, mwambie aandike tarehe atakayorudisha majibu, na mbaki na karatasi.

Kijana wa Ibanda, Bukavu

"Kaka, hapa Bukavu umeme unakatika juu ya machupa na masashe zinazoziba barrage (bwawa la umeme) ya Ruzizi. Kuna miradi inakuja inatoa takataka pale kwenye maji, tunapiga picha, nyuma ya wiki mbili imejaa tena. Si pesa inapotea tu?"

Haipotei yote, ndugu yangu. Ruzizi ya kwanza iko pale ziwa Kivu linapotokea, inafanya kazi toka mwisho wa miaka ya 1950, na kila kitu kinachoelea kwenye ziwa upande huo kinaishia kwenye vyuma vya kuchujia mbele ya tabini, zile mashine za kutoa umeme. Wasipotoa, mashine zinasimama na mnakaa gizani. Lakini barrage ndiyo mahali pa mwisho. Bukavu ni milima, sashe ikitupwa juu Kadutu, mvua moja tu inaishusha kwa mfereji mpaka mto Kawa mpaka ziwani. Mradi wa kupunguza takataka ungepaswa kuanzia kwenye ile mifereji, kuweka wavu kila mtaa na mtu wa kuusafisha mwenye mshahara, halafu kupunguza zile sashe zenyewe. Sheria tayari iko, amri ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki nchi nzima. Ninyi mnavuka daraja mnaona Rwanda walivyofanya toka 2008. Mkiitiwa tena mkutano wa mradi, ulizeni hiyo amri inatekelezwa soko gani, siku gani, na nani.

Vijana wa Katuba, Lubumbashi

"Mukubwa, siye ni vijana kumi na wawili, tulikuwa na mradi wa majaribio wa takataka, walitupatia pusupusu (mikokoteni) ine, gwanti, mapubeli (mapipa ya takataka) ya plastiki, na prime (posho) ya kila mwezi. Miezi sita ikaisha, prime ikaisha, mapubeli watu bakaiba bakaweka maji. Tunataka kuendelea lakini hatuna nguvu. Tuandike wapi tupate pesa ya Leta?"

Vijana, kwanza pokeeni heshima yangu, juu kuokota takataka za watu wazima mbele ya marafiki zenu kunahitaji moyo.

Kilichowapata ninyi kilipata Kinshasa nzima. Umoja wa Ulaya ulilipia mradi mkubwa wa usafi kule, ulioitwa PAUK, kulikuwa vituo vya kukusanyia takataka, makamyo, dampo la kisasa, na kwa miaka kadhaa watu walikuwa wanaona tofauti. Mwaka 2015 pesa ya nje ikasimama, kazi ikawa mikononi mwa mji, na mji haukuwa umepanga pesa ya kuiendesha, vituo vikajaa mpaka barabarani. Mitambo ilikuwepo, watu wenye ujuzi walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kulipa mafuta ya gari mwezi wa kwanza bila mfadhili. Kwa hiyo ninyi mkiandika tena mradi, ukurasa wa kwanza usiwe wa pusupusu ngapi mnataka, uwe wa mwezi wa saba wa mradi, ile sita ikiisha: nani atalipa nini.

Nami nina wazo ambalo nimelibeba muda mrefu. Juzi nilimwaga chini gunia moja la takataka ya nyumbani kwangu, nikachambua mbele ya watoto. Kulikuwa magunzi ya mahindi, maganda ya ndizi, mbegu za maembe juu ni msimu wake, vijiti vya sombe, majivu ya makala, sashe sita, kopo moja la maziwa, pile (betri ndogo) mbili za tochi zilizovimba. Nikipima kwa macho, robo tatu ni kitu kinachooza. Ninyi mlikuwa mnasukuma robo tatu ya uzito bure mpaka dampo, jua kali, mlimani, wakati ni mali! Mkitenganisha palepale mlangoni kwa mama wa nyumba, ndoo moja ya vinavyooza na gunia moja la vilivyobaki, safari zenu zinapungua zaidi ya nusu, na kile kinachooza mnakirundika Katuba hapohapo, mnageuza kila wiki, mnamwagia maji, miezi mitatu hivi mnapata mboji nyeusi inayonuka kama udongo wa msituni.

Na mboji nani ataitaka? Someni tena barua ya mama wa Penga Penga hapo juu. Yule mama anahitaji mboji nyingi ili udongo wake ushike majani, na kuna familia nyingi sana kama yake kuanzia pale mpaka Kampemba. Miradi ya takataka inaandikwa ofisi moja, miradi ya udongo mchafu inaandikwa ofisi nyingine, hazionani, na sisi wakaaji ndio tunaona kwamba takataka ya Katuba ndiyo dawa ya udongo wa Penga Penga. Mradi wa namna hiyo, unaounganisha hizo mbili, ningeupigania hata kwa miguu.

Masharti mawili tu na msiyacheze. Pile, betri, rangi, mafuta ya gari na majivu ya plastiki visiingie hata kidogo kwenye mboji, ile pile moja inaweza kuharibu rundo zima. Na msikusanye majani ya barabarani karibu na viwanda, yamekwisha kula vumbi.

Juu ya pesa: anzeni na kaya, hata mia tano tano za kila wiki kwa nyumba, halafu mwende kwa bourgmestre, mkubwa wa komini, mkiwa na daftari linaloonyesha nyumba ngapi zinalipa na magunia mangapi mmetoa kila Jumamosi ya salongo (kazi ya usafi ya pamoja). Komini yenye daftari mbele yake ni vigumu kukataa, na ombi lenu liwe waweke mstari wenu ndani ya bajeti ya mwaka, siyo zawadi ya siku moja. Mapubeli ya plastiki msiombe tena, hapa kwetu yanaibwa, kila nyumba itoe gunia lake.

Papa wa Kamalondo, mwalimu wa zamani

"Mwanangu, mimi nimeona shemine ile ikitoa moshi usiku na mchana. Wenzetu Zambia wanasafisha Kabwe, Waamerika wana sheria zao toka zamani. Sisi tunapewa majaribio, majaribio, majaribio. Nani anapaswa kulipa?"

Papa, heshima kwako. Kwenye neno majaribio peke yake ningependa kukupinga kidogo, juu jaribio si tusi likiwa lina mahali pa kwenda. Waamerika walipitisha sheria yao kubwa ya kusafisha sehemu zenye sumu mwaka 1980, baada ya mambo ya Love Canal, mtaa wa jimbo la New York uliojengwa juu ya takataka za kemikali za kiwanda, ikabidi familia zihamishwe. Kampuni iliyochafua inalazimishwa kulipa, na kwa zile ambazo mwenyewe hapatikani waliweka mfuko uliojazwa na kodi ya kampuni za mafuta na kemikali. Lakini zilibaki sehemu nyingi ndogo mijini, viwanda vilivyofungwa, hakuna aliyetaka kuzigusa. Mwaka 1993 wakaanza majaribio kwa kaunti moja tu, Cuyahoga, kule Cleveland, halafu wakawa wanaipa miji mingine hadi dola 200.000 kila mmoja ipime udongo wake na kupanga. Mwaka 2002 ikawa sheria kamili yenye pesa kila mwaka. Miaka tisa, papa, toka jaribio mpaka sheria. Swali la kuuliza juu ya kila mradi hapa kwetu ni hilo: majani ya Penga Penga yalishika, je, ripoti ya matokeo yake ilifika bunge la jimbo?

Kabwe ni mfano wa karibu, mtu anapanda basi asubuhi analala kule. Mgodi wa risasi ulifungwa 1994, watoto wakabaki na risasi kwenye damu. Zambia walikuwa na mradi wa kwanza wa mazingira ya Copperbelt toka 2003, halafu Desemba 2016 Benki ya Dunia ikakubali dola milioni 65,6 kwa mradi mwingine unaogusa Kabwe, Kitwe, Mufulira na Chingola. Walipima watoto, wakawatibu, wakafanya kazi kwenye viwanja vya nyumba. Ila ile ni pesa ya mkopo, Wazambia wenyewe watairudisha, na lile rundo kubwa la taka za mgodi halijaondoka. Naliweka wazi ili tusiseme tu wenzetu wamemaliza.

Hapa kwetu nani alipe? Uchafu wa zamani ni wa Union Minière mpaka ilipotaifishwa, na toka 1967 ni wa kampuni ya Leta, ile Gécamines, kwa hiyo kwangu mimi Leta inasafisha kama mwenye mali, haifanyi msaada. Terili pia, ule mlima mweusi wa mabaki, toka karibu mwaka 2000 unayeyushwa upya kwa ajili ya kobalti, una wanunuzi, una bei, na ninaamini kabisa sehemu ya bei hiyo ni ya wale walioumeza vumbi lake. Uchafu wa sasa una sheria: ile ya mazingira ya Julai 2011 inasema aliyechafua analipa, na sheria ya madini (Code minier) iliyorekebishwa Machi 2018 inadai kampuni itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pale inapochimba, na katika ile redevansi ya madini (malipo ambayo kampuni inatoa kwa madini inayouza) 15% ni ya mji, komini, sekta ao shefferi (eneo la chifu) inayohusika, 25% ya jimbo. Pesa ya kupima na kufunika udongo wa kartie iko ndani ya hizo namba, haihitaji mfadhili kutoka mbali.

Wewe ulifundisha, papa, watu wa komini wengi ni wanafunzi wako. Nenda na vijana wawili wanaoandika haraka, omba kuona mkataba wa masharti kati ya kampuni na wakaaji, ule unaoonyesha ile 0,3% itafanya nini miaka mitano hii, na uulize kama kuna hata mstari mmoja juu ya udongo ao takataka. Wakikuambia rudi wiki ijayo, rudi. Ukipata kopi nitumie, nitaichapa hapa yote, ukurasa kwa ukurasa.